Ukubwa na Upande: Mintarafu ya Duara la Kizio

Mwanafunzi aingiapo mlango wa trigonometria hupokewa kwanza na pembetatu yenye pembe mraba, naye hufundishwa kwamba sini ya pembe ni ubavu unaoikabili pembe hiyo ukigawanywa kwa ubavu mrefu kuliko zote, kosini ni ubavu ulio jirani na pembe ukigawanywa kwa ubavu uo huo mrefu, na tanjenti ni ubavu unaoikabili ukigawanywa kwa ule ulio jirani. Maelezo hayo ni ya haki, na kwa muda wa majuma machache humfaa sana, kwa maana kwayo anaweza kujua kimo cha mnazi pasipo kuupanda na upana wa mto pasipo kuuvuka. Walakini haukawii kufika wakati ambapo kitabu humwuliza jambo ambalo pembetatu yake haina jawabu lake: sini ya digrii 210 ni ngapi? Pembetatu haina pembe ya digrii 210, wala haiwezi kuwa nayo, maadamu pembe zake zote tatu zikijumlishwa hazipiti 180, na moja katika hizo imekwisha kujichukulia 90. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupewa herufi nne za kukariri, za kuwaonyesha ni wapi sini huwa chanya na ni wapi kosini huwa hasi, nao huzikariri kwa utii, wakazitumia katika mtihani, na kuzisahau kabla wino haujakauka.

Daawa ya makala haya ni kwamba herufi hizo hazihitaji kukaririwa hata kidogo, kwa sababu kila swali la namna hiyo, hata likionekana gumu kiasi gani, ni maswali mawili yaliyofungwa katika furushi moja: la kwanza ni la ukubwa, na la pili ni la upande. Ukubwa hupatikana kwa pembetatu ndogo ile ile ya siku ya kwanza. Upande hupatikana kwa kutazama mahali iliposimama nukta. Na chombo kinachojibu yote mawili ni duara la kizio, ambalo si kitu kingine ila duara ambalo nusu kipenyo chake kimefanywa kuwa kipimo kimoja kamili.

Duara lilitangulia

Wengi hudhani kwamba pembetatu ndiyo asili ya elimu hii na duara ni nyongeza ya baadaye, ilhali tarehe inasema kinyume chake. Elimu hii ilizaliwa mikononi mwa wanafalaki, watu ambao kila usiku waliona nyota zikizunguka juu ya vichwa vyao, na haja yao ilikuwa ni kupima mizunguko, wala si kupima minazi. Ptolemy wa Iskandaria ya Misri, katika karne ya pili baada ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kitabu ambacho Waarabu walikiita Almajisti, na ndani yake aliweka jedwali la urefu wa mistari inayolikata duara kutoka nukta moja ya ukingo hadi nyingine, kwa kila nusu ya digrii mpaka 180. Duara lake lilikuwa na nusu kipenyo cha sehemu 60, kwa kuwa hesabu za falaki zilikwenda kwa mafungu ya sitini. Baada yake Aryabhata wa Bara Hindi, katika kitabu cha mwaka 499, alitumia nusu ya mstari ule badala ya mstari mzima, na nusu hiyo ndiyo sini tunayoijua leo.

Kutoka Bara Hindi elimu hiyo ilifika kwa wanazuoni wa Kiislamu, ambao waliipanua kwa namna ambayo haikuwa imepata kuonekana. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, aliitumia sini katika hesabu zake za falaki. Abul-Wafa al-Buzjani, aliyeishi kati ya mwaka 940 na 998 na kufanya kazi Baghdad, aliitia tanjenti na wenziwe katika utaratibu mmoja na kutunga majedwali ya usahihi wa ajabu. Na Nasir al-Din al-Tusi, aliyezaliwa mwaka 1201 na kufariki 1274, aliitenga trigonometria na falaki ikawa elimu yenye mlango wake. Ulaya iliyapokea hayo na kuyaendeleza, hata mwaka 1748 Leonhard Euler akaandika kitabu ambamo nusu kipenyo cha duara kilichukuliwa kuwa moja tangu mwanzo wa hesabu hadi mwisho wake. Faida ya uamuzi huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa maana ubavu wa kugawanyia ukiwa moja, kugawanya kwenyewe hutoweka, na sini, ambayo ilikuwa uwiano wa kukokotolewa, huwa urefu wa kutazamwa kwa macho.

Kulichora kwa mkono

Chukua karatasi ya grafu, bikari, rula na kipimapembe. Piga mistari miwili inayokatana katikati ya karatasi, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima, kisha simika ncha ya bikari pale inapokatana, uchore duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Sentimita hizo 10 ndizo tutakazoziita moja, hata kila sentimita ikawa sehemu moja ya kumi, na kila milimita sehemu moja ya mia. Nukta yetu itaanza safari upande wa kulia, pale duara linapoukata mstari wa mlalo, nayo itapanda na kuzunguka kinyume cha mwendo wa akrabu za saa. Hiyo ndiyo kaida ya wanahisabati, na pembe huhesabiwa tangu hapo mpaka kwenye nusu kipenyo kinachoifuata nukta.

Sasa pima pembe ya digrii 37, tia nukta ukingoni mwa duara, na ushushe mstari wa wima hadi ufike kwenye mlalo. Pembetatu ya shuleni imetokea mbele ya macho yako, na ubavu wake mrefu ni nusu kipenyo cha duara, yaani moja. Kwa hali hiyo sini ya pembe imekuwa ni kimo cha nukta juu ya mstari wa mlalo, na kosini imekuwa ni umbali wa nukta kutoka mstari wa wima. Pima kwa rula, nawe utapata kimo cha sentimita 6 na umbali wa sentimita 8, kasoro au zaidi ya unene wa penseli. Basi sini ya digrii 37 ni kama 0.6 na kosini yake ni kama 0.8, na ukifungua majedwali ya tarakimu nne, yale ambayo vizazi vya wanafunzi wa sekondari katika Afrika ya Mashariki wameyachakaza kwa vidole, utakuta yameandikwa 0.6018 na 0.7986, tofauti ambayo jicho na penseli haviwezi kuigundua.

Katika mchoro huo huo imo burhani ya kanuni mashuhuri kuliko zote za elimu hii. Sita mara sita ni 36, nane mara nane ni 64, na jumla yake ni 100, ambayo ni kumi mara kumi. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, nayo ikivikwa mavazi ya duara la kizio husema kwamba kipeo cha pili cha sini kikijumlishwa na kipeo cha pili cha kosini hutoa moja daima, kwa kila pembe, popote nukta iliposimama, kwa kuwa nukta haiwezi kutoka ukingoni.

Tanjenti nayo ina makao yake. Piga mstari wa wima unaoligusa duara upande wa kulia pale safari ilipoanzia, kisha endeleza nusu kipenyo cha digrii 37 hadi kiukate mstari huo. Kimo cha pale kinapoukata ni sentimita 7 na nusu, na 0.75 ndiyo tanjenti, sawasawa na 0.6 ikigawanywa kwa 0.8. Pembe ikikua, mahali pa kukatia hupanda kwa haraka ya kutisha: kwa digrii 89 ungehitaji karatasi yenye kimo cha mita 5 na sentimita 73 ili kupaonyesha, na kwa digrii 90 nusu kipenyo kimesimama wima, sambamba na mstari wenyewe, wala havitakutana kamwe. Ndiyo sababu husemwa kwamba tanjenti ya digrii 90 haipo. Haikufichwa wala haikukatazwa, bali kosini ya hapo ni sifuri, na hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri.

Thamani zisizohitaji jedwali

Ziko pembe ambazo ukubwa wa sini na kosini zake hujulikana kwa hoja tupu, pasipo rula wala jedwali, na anayezielewa asili yake hatalazimika kuzihifadhi. Rahisi kuliko zote ni zile ambazo nukta imo juu ya mistari yenyewe. Mwanzoni, kwa digrii 0, nukta iko kulia kabisa na haina kimo, basi kosini ni 1 na sini ni 0. Kwa digrii 90 iko kileleni, sini ni 1 na kosini ni 0. Kwa 180 iko kushoto kabisa, kosini ni hasi 1 na sini ni 0. Na kwa 270 iko chini kabisa, sini ni hasi 1 na kosini ni 0.

Zinazofuata ni tatu. Kwa digrii 60, unganisha kitovu, nukta ya mwanzo na nukta ya digrii 60, nawe utapata pembetatu yenye mbavu mbili zilizo nusu kipenyo na pembe ya digrii 60 kati yake; pembe mbili zilizobaki ni sawa, na kila moja ni 60, basi mbavu zote tatu ni sawa. Mstari unaoshuka kutoka kwenye nukta huugawa msingi wa pembetatu hiyo katikati, na kwa hivyo kosini ya digrii 60 ni nusu kamili. Toa robo, ambayo ni kipeo cha pili cha nusu, katika moja. Inabaki robo tatu, na kipeuo chake cha pili ni √3 ikigawanywa kwa 2, yaani 0.8660, nayo ndiyo sini ya digrii 60. Kwa digrii 30 pembetatu ni ile ile iliyolazwa ubavu wa pili, hivyo viwili hivyo hubadilishana nafasi: sini ni nusu na kosini ni 0.8660. Kwa digrii 45 nukta iko mbali na mistari yote miwili kwa kadiri moja, sini na kosini ni sawa, na kila moja ina kipeo cha pili cha nusu; basi kila moja ni √2 ikigawanywa kwa 2, yaani 0.7071. Tanjenti ya hapo ni 1, ile ya digrii 60 ni √3, na ile ya digrii 30 ni 1 ikigawanywa kwa √3. Hiyo ndiyo akiba yote inayohitajiwa.

Robo nne na alama zake

Mistari miwili tuliyoipiga imeligawa duara robo nne. Ya kwanza ni ya juu kulia, kutoka digrii 0 hadi 90. Ya pili ni ya juu kushoto, hadi 180. Ya tatu ni ya chini kushoto, hadi 270. Na ya nne ni ya chini kulia, hadi 360, ambapo nukta hurejea ilikoanza. Kulia ni chanya na kushoto ni hasi; juu ni chanya na chini ni hasi. Baada ya kusema hayo, hakuna kanuni nyingine ya alama iliyobaki kufundishwa, kwa sababu kosini ni umbali wa kulia au kushoto, na sini ni kimo cha juu au chini. Katika robo ya kwanza vyote viwili ni chanya. Katika ya pili nukta iko juu lakini iko kushoto, basi sini ni chanya na kosini ni hasi. Katika ya tatu iko chini na kushoto, vyote ni hasi. Katika ya nne iko chini lakini iko kulia, sini ni hasi na kosini ni chanya. Tanjenti, ikiwa ni sini iliyogawanywa kwa kosini, huwa chanya pale alama mbili zinapolingana, yaani katika robo ya kwanza na ya tatu, na huwa hasi pale zinapopingana.

Rudi kwenye mchoro wako wa digrii 37 na ukunje karatasi juu ya mstari wa wima. Nukta itaangukia upande wa pili penye digrii 143, kwa kuwa 180 ukitoa 37 ni 143. Kimo hakikubadilika, ni 0.6 vile vile. Umbali nao ni 0.8 vile vile, ila umehamia kushoto, basi kosini ya digrii 143 ni hasi 0.8. Kunjua, kisha ukunje juu ya mstari wa mlalo, na nukta hizo mbili zitaangukia chini penye digrii 217 na 323. Nukta nne, pembetatu nne, lakini mbavu ni zile zile. Ukubwa haukutafautiana hata kwa milimita, na kilichotafautiana ni upande tu. Pembe ile ya digrii 37, inayohesabiwa kutoka mstari wa mlalo ulio karibu, ndiyo pembe ya rejea, nayo hubeba ukubwa. Robo hubeba alama.

Sasa swali la digrii 210 halina ugumu tena. Nukta imepita 180 kwa digrii 30, basi pembe ya rejea ni 30, na ukubwa tunao akibani: nusu kwa sini, 0.8660 kwa kosini. Nukta iko chini na kushoto, basi sini ni hasi nusu, kosini ni hasi 0.8660, na tanjenti, kwa kuwa hasi kwa hasi ni chanya, ni chanya 0.5774. Pembe ya digrii 480 ni mzunguko mmoja kamili na 120 zaidi. Nukta husimama penye 120, pembe ya rejea ni 60, robo ni ya pili, sini ni chanya 0.8660 na kosini ni hasi nusu. Pembe ya hasi 60 maana yake ni kwamba nukta imekwenda kwa mwendo wa akrabu za saa, ikashuka badala ya kupanda, nayo imesimama penye digrii 300. Hapo sini ni hasi 0.8660, na kosini ni nusu, chanya, kwa kuwa nukta haikuuvuka mstari wa wima.

Hadhari moja inastahili kutajwa hapa, maana kosa lake ni la kila siku: pembe ya rejea huhesabiwa kutoka mstari wa mlalo, kamwe si kutoka wima. Mwenye kuona digrii 240 akasema kwamba inapungua 30 kuifikia 270 atachukua pembe ya 30, na kwa kufanya hivyo atakuwa amebadilisha sini na kosini nafasi zao. Ukweli ni kwamba 240 imepita 180 kwa 60, na 60 ndiyo ya kuchukuliwa.

Jambo la kinyume chake pia lina mafunzo. Ukiambiwa kwamba sini ya pembe fulani ni 0.6 ukatakiwa uitaje pembe yenyewe, huna njia ya kuchagua kati ya digrii 37 na 143, kwa sababu zote mbili zina kimo kimoja; lazima uambiwe habari ya upande. Ukiongezewa kwamba pembe imo katika robo ya pili, basi shaka huondoka: kosini ni hasi 0.8, tanjenti ni hasi 0.75, na pembe ni 143.

Kibla ya miji minne

Anayeona kwamba mambo haya ni ya darasani tu na atazame jambo ambalo mamilioni ya watu hulifanya mara tano kila siku. Muislamu hutakiwa kuelekea Makka katika sala, na wanazuoni wa zamani waliihesabu kibla kwa trigonometria. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu cha namna ya kupata mahali pa miji, na katika makusudi yake makubwa ilikuwamo kibla ya mji wa Ghazna. Hesabu yenyewe hutoa namba mbili. Ya kwanza, inayosema mashariki au magharibi, ni sini ya tofauti ya longitudo, yaani longitudo ya Makka ukitoa ile ya mji unaohusika. Ya pili, inayosema kaskazini au kusini, ni kosini ya latitudo ya mji ikizidishwa kwa tanjenti ya latitudo ya Makka, kisha hutolewa sini ya latitudo ya mji ikizidishwa kwa kosini ya ile tofauti ya longitudo. Latitudo za kusini ya ikweta huandikwa kwa alama ya hasi, kadhalika longitudo za magharibi ya Greenwich. Mtu wa dira, kama manahodha wote, huanza kuhesabu kutoka kaskazini na kuzungukia mashariki, yaani hapa mstari wa kaskazini na kusini ndio unaoshika mahali pa mlalo, kwa hiyo tanjenti ya kibla ni namba ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili.

Tuanze na mji wa Unguja, ulio digrii 6 na dakika 10 kusini, longitudo 39 na dakika 12 mashariki. Makka iko digrii 21 na dakika 25 kaskazini, longitudo 39 na dakika 50. Tofauti ya longitudo ni dakika 38 tu, na sini yake ni 0.011, chanya, basi ni mashariki kidogo. Katika namba ya pili, kosini ya hasi 6 na dakika 10 ni chanya 0.9942, kwa kuwa nukta ingali kulia. Ikizidishwa kwa 0.3922, tanjenti ya latitudo ya Makka, ni 0.390. Sini ya latitudo hiyo hiyo ni hasi 0.1074, kwa kuwa nukta imeshuka chini ya mlalo, na kutoa hasi ni kuongeza. Basi jumla ni 0.497, chanya, yaani kaskazini. Gawanya, utapata tanjenti ya 0.022 na pembe ya digrii moja na robo hivi: kibla ya Unguja ni kaskazini hasa, imeelemea mashariki kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua.

Mogadishu, iliyo digrii 2 kaskazini na longitudo 45 na dakika 20, hutoa hasi 0.096 na chanya 0.357, ni magharibi na kaskazini, na kibla yake ni digrii 345. London, ambapo wako Waislamu wengi, wakiwamo waliotoka pwani yetu, hutoa chanya 0.642 na hasi 0.356, ni mashariki na kusini, na kibla yake ni digrii 119. Maskati ya Oman hutoa hasi 0.321 na hasi 0.020, ni magharibi na kusini kidogo, na kibla yake ni karibu digrii 266. Miji minne, na kila mmoja umeangukia robo yake.

Sasa tazama hatari iliyojificha katika kugawanya. Mtu wa Maskati akigawanya hasi 0.321 kwa hasi 0.020 atapata chanya 16, kwa kuwa hasi mbili zimefutana, na kikokotoo chake, kisichojua namba hiyo imetoka wapi, kitamjibu digrii 86. Akiifuata dira yake kwa jawabu hilo atasimama akiitazama Bara Hindi, Makka ikiwa nyuma ya mgongo wake. Mtu wa London akigawanya atapata hasi 1.8, kikokotoo kitamwambia hasi 61, naye atageukia kaskazini-magharibi, Bahari ya Atlantiki mbele yake. Hesabu ya kila mmoja wao haikukosea hata tarakimu moja katika ukubwa. Ukubwa ulikuwa sahihi kabisa, na njia ilikuwa ya kinyume kabisa. Dawa ni kuzitazama zile namba mbili kabla hazijagawanywa, kuzisoma alama zake, kuitambua robo, kisha ndipo kuichukua pembe ya rejea na kuiweka mahali pake: 180 ukiongeza 86 ni 266, na 180 ukitoa 61 ni 119.

Mwalimu atakayemchorea mwanafunzi wake duara moja kabla ya kumpa herufi za kukariri atakuwa amemwondolea mzigo, kwa maana anayejua kwamba sini ni kimo na kosini ni umbali hawezi kuisahau alama, kama vile asivyoweza kusahau juu ni wapi na kushoto ni wapi. Na hapo ndipo inapobainika kwa nini majedwali ya zamani yalikoma kwenye digrii 90 pasipo mtu kulalamika kwamba yana upungufu: kila ukubwa unaoweza kutokea katika duara zima umo ndani ya robo yake ya kwanza, na robo tatu zilizobaki hazikuhitaji kurasa, zilihitaji msomaji anayejua nukta yake imesimama wapi.